Kwa nini mitambo 365 ya upepo ilipewa ekari 150,000?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba umeme wa upepo hauna ugomvi na ardhi. Mnara, msingi wa zege, basi. Niliposikia wafugaji wa Marsabit, Kenya, wameupeleka mahakamani mradi wa Lake Turkana Wind Power, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, nikadhani wanagombea vile viwanja vya minara. Nilikosea sana. Hati zilizobishaniwa zilikuwa za ekari 150,000 huko Loiyangalani, mashariki ya Ziwa Turkana, kwenye malisho ya Warendille, Wasamburu na Waturkana.

Nilipouliza sababu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba mitambo hunyang'anyana upepo. Ni kweli, na mabaharia wa pwani wanalijua hili. Jahazi likikupita upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, tanga la ngalawa yako hulegea ghafla, maana upepo wako umeshachukuliwa. Likisogea mbali, upepo wa pembeni na wa juu humiminika kuziba pengo, tanga likajaa tena. Mapanga ya mtambo hufanya vivyo hivyo: nyuma yake upepo hubaki mnyonge, wenye misukosuko. Ndiyo maana wahandisi huuweka mtambo wa nyuma mbali, kwa kawaida mara 5 hadi 10 ya kipenyo cha mapanga.

Sasa tupige hesabu. Mapanga ya Loiyangalani yana kipenyo cha mita 52. Tukiwa wakarimu, kila mtambo tuupe mraba wa mita 520 kwa 520. Yote 365 inaenea kwenye ekari kama 24,000. Miinuko na barabara huongeza, na eneo lenye mitambo hutajwa kuwa ekari 40,000. Zilizobaki, zaidi ya laki moja, hazidaiwi na upepo.

Mifugo bado hulishwa kati ya minara. Lakini ardhi ile ilikuwa ya amana, ikishikiliwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wenyeji, na sheria iliweka utaratibu wa kuitenga. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba utaratibu huo haukufuatwa. Ikatoa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe, la sivyo hati zifutwe.