Kabla ya Kutia Saini Agizo la Kuuza Wakati Bei Zinashuka

Kila masoko ya hisa yanapotikisika, tunaopokea malalamiko ya wawekezaji katika ofisi ya mdhibiti wa masoko ya mitaji huletewa barua zinazofanana mno. Mtu ameuza hisa au vipande vyake vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja siku bei ilipokuwa chini, miezi michache baadaye bei imepanda, naye anaomba mauzo yale yatenguliwe. Hatuna shaka na nia njema ya wanaotuandikia. Hata hivyo, umma ufahamu kwamba mauzo yaliyofanyika kwa agizo halali la mwenye mali hayatenguliwi kwa sababu mwenye mali amejuta. Mdhibiti husimamia haki katika utaratibu wa kununua na kuuza. Bei yenyewe haipangi, wala hana mamlaka ya kuirudisha ilikokuwa.

Kumbukumbu za masoko zinaonyesha kwa nini majuto hayo hujirudia. Kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, fahirisi (kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi kwa pamoja) ya S&P 500 ya Marekani ilishuka kwa takriban asilimia 34, na kabla Agosti ya mwaka huo huo haijaisha ilikuwa imekwisha kuvuka kilele chake cha awali. Aliyeuza katika wiki ya mwisho ya anguko lile alikuwa na muda mfupi sana wa kurejea, na wengi wa aina yake hawarejei mpaka bei iwe juu tena, maana hofu iliyowatoa sokoni haiondoki siku moja na anguko. Anguko lililotangulia lilidai subira zaidi: tangu Oktoba 2007 hadi Machi 2009 fahirisi hiyo ilipoteza takriban asilimia 57, na ilikuwa mwaka 2013 ndipo ilipofika tena pale ilipoanzia.

Wapo wanaotumia mifano hiyo kudai kwamba soko hurudi siku zote, na kwamba kazi ya mwekezaji ni kufumba macho na kungoja. Dai hili nalo tumechoka kulisahihisha. Fahirisi ya Nikkei 225 ya Japani ilifika kileleni mwishoni mwa mwaka 1989 na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024, yaani baada ya miaka 34. Kwa kampuni moja moja hali ni kali zaidi. Hisa ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliuzwa kwa dola 90 katikati ya mwaka 2000, na kampuni ilipoomba kinga ya ufilisi, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, tarehe 2 Desemba 2001, hisa hiyo ilikuwa haifiki dola moja. Aliyeishikilia kwa jina la uvumilivu alibaki na karatasi. Kwa hiyo subira inayofaa ni ile ya kukaa na mali zilizotawanywa katika kampuni, sekta na masoko mbalimbali, na fedha zitakazohitajika ndani ya miaka miwili au mitatu hazikupaswa kuwa kwenye hisa tangu mwanzo.

Hesabu ya asilimia pia huwakosesha wengi. Mali iliyoshuka kwa asilimia 50 haifidiwi na kupanda kwa asilimia 50. Inahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili kurudi ilikokuwa. Kwa upande mwingine, anayechangia kiasi kile kile kila mwezi hufaidika na bei ya chini bila kulazimika kukisia lolote. Tuchukue mtu anayewekeza 1,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, kipande kikiwa 100, kisha 50, kisha 80. Atapata vipande 10, 20 na 12.5, jumla 42.5, ambavyo kwa bei ya 80 vina thamani ya 3,400, ilhali ametoa 3,000 na bei bado haijarudi 100. Aliyesitisha michango mwezi wa pili, na ndio wengi, alikosa vile vipande 20. Mfano huu hauahidi faida: bei ingebaki 50, wote wangekuwa na hasara.

Sasa kuhusu utaratibu wa kuuza, ambao karibu kila lalamiko hugusia bila mlalamikaji kuusoma. Kwa kawaida ombi la kuuza vipande likipokelewa kabla ya saa ya mwisho iliyotajwa katika waraka wa ofa (hati ya masharti ya mfuko), hulipwa kwa bei itakayokokotolewa mwisho wa siku hiyo, na likichelewa hupewa bei ya siku ya kazi inayofuata. Ile uliyoiona asubuhi kwenye simu yako ni bei iliyokwisha kupita. Kwa hisa, agizo la bei ya soko hutekelezwa kwa bei yoyote iliyopo wakati huo, na siku ya taharuki wanunuzi huwa wachache, hivyo bei inayopatikana inaweza kuwa chini sana ya uliyotarajia. Agizo lenye kikomo hutekelezwa kwa bei uliyoiweka au iliyo bora zaidi, na kama haipo halitekelezwi kabisa. Baadhi ya mifuko hutoza ada kwa anayetoka kabla ya muda uliowekwa, na waraka wa ofa unaweza kumruhusu meneja kuahirisha malipo maombi yakizidi kiwango fulani. Fedha nazo hazifiki papo hapo: Marekani, tangu tarehe 28 Mei 2024, malipo ya hisa hukamilika siku moja ya kazi baada ya mauzo, na yapo masoko yanayochukua siku mbili au tatu.

Soko linaposimamishwa kwa muda, si njama ya kuwafungia watu ndani. Kwa kanuni za Marekani, S&P 500 ikishuka kwa asilimia 7 kutoka ilipofunga siku iliyotangulia, biashara husimama kwa dakika 15, hufanyika hivyo tena ikifika asilimia 13, na ikifika 20 soko hufungwa hadi kesho yake. Machi 2020 kanuni hiyo ilitumika mara nne.

Tunachoshauri ni mpango wa maandishi, unaoandikwa soko likiwa tulivu: fedha hizi ni za nini, zitahitajika lini, na sehemu gani iwe hisa na ipi hatifungani, yaani mikopo kwa serikali au kampuni yenye riba. Ukiamua asilimia 60 ya hisa kwa 40 ya hatifungani, na anguko likafanya hisa kuwa 50, mpango utakuelekeza ununue hisa. Zikipanda hadi 70, utakuelekeza upunguze. Kuuza si kosa kwa mwekezaji wa muda mrefu, mradi sababu yake iwe imo katika mpango: mahitaji yamebadilika, au kampuni yenyewe imeharibika. Ujumbe uliosambazwa na jamaa usiku hauwezi kuwa sababu. Anayetunga ujumbe wa uongo ili kusukuma bei hutenda kosa katika takriban kila nchi yenye soko la mitaji, na adhabu huweza kuwa faini, kunyang'anywa faida iliyopatikana, au kifungo.

Yapo malalamiko tunayoyapokea kwa mikono miwili: dalali aliyeuza bila agizo lako, agizo lililocheleweshwa, ada isiyotajwa kwenye mkataba, au mshauri aliyekuhakikishia faida. Mwandikie kwanza mtoa huduma, na udai jibu la maandishi. Usiporidhika, leta kwa mdhibiti jibu hilo pamoja na mkataba, taarifa ya akaunti na nakala ya agizo lenye tarehe na saa, kwa kuwa bila saa ya agizo hatuwezi kujua ni bei ipi uliyostahili kulipwa.