Tovuti inayolala gesti

Jioni picha za wasifu zilikuwepo. Asubuhi zote zimetoweka, kila mtumiaji amebaki na kile kiduara cha kijivu. Hakuna aliyegusa msimbo usiku ule. Hifadhidata ilikuwa salama, na majina ya faili yalikuwemo kwenye jedwali vilevile yalivyoandikwa. Faili zenyewe ndizo hazikuonekana. Nilipoteza saa mbili nikimshuku kila mtu isipokuwa mwenye kosa, ambaye ni mimi. Nilikuwa nahifadhi picha kwenye folda ya `uploads`, kando ya msimbo, kama nilivyozoea nilipokuwa nakodi seva nzima mwezi kwa mwezi. Alfajiri jukwaa la wingu liliizima nakala ya programu yangu, likawasha nyingine kwenye mashine nyingine, na diski ikaanza upya, tupu.

Tangu hapo huwa nawaambia ninaofanya nao kazi kwamba ukiipeleka tovuti kwenye wingu hujaijengea nyumba, umeipangishia chumba gesti. Mgeni akitoka, mhudumu hubadilisha shuka na kutupa kilichosahaulika. Wala si uonevu, ndiyo kazi yake. Jukwaa la Heroku, kwa mfano, wameandika wazi kwamba kila nakala huwashwa upya angalau mara moja kwa siku, na faili zilizoandikwa kwenye diski yake hupotea. Majukwaa mengine hufuata mtindo uleule kwa ratiba zao.

Tovuti tuli haijali haya. Ni rundo la faili, unalipakia, limekwisha. Lakini tovuti ambayo kurasa zake zinaundwa kwenye seva, iwe imejengwa kwa mfumo wa Next.js, Nuxt, Django, Laravel au Rails, ni programu iliyo macho muda wote: inapokea ombi, inaiuliza hifadhidata, inaandika HTML, inajibu. Ina kuzaliwa, ina kuishi, ina kufa. Matatizo mengi ninayoitwa kuyatatua yana mzizi mmoja: mwenye tovuti aliifikiria kama faili.

Nianze na kuzaliwa, maana hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza. Ujenzi umepita, logi zinasema seva imewaka, ukifungua anwani unapata kosa la 502. Sababu mbili hujirudia. Ya kwanza ni porti, ule mlango wenye namba ambao programu hupokelea maombi. Kwenye laptopu umeandika 3000 na umeizoea, ila jukwaa ndilo linalochagua porti na kukuambia kupitia kigeuzi cha mazingira (thamani inayopewa programu kutoka nje ya msimbo) kiitwacho `PORT`. Programu isome hapo, na 3000 ibaki ya akiba tu. Ya pili ni anwani ambayo programu inasikiliza. Ukisikiliza `127.0.0.1` umejifungia ndani: mashine yenyewe inakusikia, lakini proksi ya jukwaa, yule mpokezi anayesimama kati ya mgeni na programu, iko nje inagonga bila kujibiwa. Sikiliza `0.0.0.0`, yaani anwani zote za mashine. Badiliko ni la herufi chache, na limewahi kuninyima usingizi.

Kuna na ile ya ujenzi kukataa kwa sababu faili haipo, wakati wewe unaiona kwa macho. Tazama herufi kubwa na ndogo. Kwa kawaida macOS na Windows huona `Kichwa.jsx` na `kichwa.jsx` kuwa faili moja. Linux huona mbili, na seva nyingi za wingu ni Linux. Nyingine ni kuweka kigeuzi cha `NODE_ENV=production` (hali ya kazi halisi) mapema mno, kabla vifurushi havijasakinishwa. npm, kisakinishi cha vifurushi vya Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva), itaviruka vile vya `devDependencies`, vinavyohitajika wakati wa kujenga tu, kisha zana ya kujengea itatafutwa isionekane.

Tofauti kati ya muda wa kujenga na muda wa kuendesha nitaizungumzia kidogo zaidi, kwa kuwa inawachanganya hata wazoefu. Vigeuzi vya mazingira havisomwi wakati mmoja vyote. Katika Next.js, chochote kinachoanza na `NEXT_PUBLIC_` hunakiliwa ndani ya JavaScript wakati wa ujenzi. Ukijenga mara moja kwa anwani ya majaribio, kisha ukaupeleka ujenzi uleule kwenye seva halisi na kubadilisha kigeuzi kwenye dashibodi, hakuna kitakachobadilika kwenye kivinjari cha mtumiaji. Thamani ya zamani imeshakauka humo kama jina lililoandikwa kwenye saruji mbichi. Na la hatari zaidi: siri iliyopewa kiambishi hicho kwa bahati mbaya, ikatumika kwenye msimbo wa kivinjari, imeshachapishwa kwa dunia nzima. Ikikutokea, usihangaike kuificha. Ibatilishe, toa mpya.

Sasa tuje kwenye kuishi. Hapa ndipo ninapotoa jasho jembamba ninapokagua msimbo wa wengine.

Kwenye kivinjari, kigeuzi ulichokitangaza mwanzoni mwa faili ya msimbo ni cha mtu mmoja. Kwenye seva ni cha kila mtu anayehudumiwa na mchakato ule. Niliwahi kukuta tovuti iliyomweka mtumiaji wa sasa ndani ya kigeuzi cha namna hiyo. Ombi linaingia, kigeuzi kinapokea jina, programu inasubiri hifadhidata, kisha inaandika ukurasa. Katika ile subira, ombi la mtu mwingine linaingia na kubadilisha jina. Wa kwanza anapata ukurasa wenye taarifa za wa pili. Kwenye laptopu ya mwandishi halikutokea hata siku moja, kwa sababu alikuwa peke yake. Taarifa za ombi zikae ndani ya ombi: zipitishe kama hoja, au tumia `AsyncLocalStorage` ikiwa ni Node.

Kosa hilo lina pacha wake, nalo ni kache, yaani nakala zinazotunzwa kwa muda. Majukwaa mengi huweka mbele ya seva yako mtandao wa kusambaza maudhui, unaotunza nakala za kurasa karibu na wasomaji. Ni jambo zuri, na mara nyingi ndilo linaloitofautisha tovuti nyepesi na nzito. Lakini ule mtandao haujui kwamba ukurasa una jina la mtu na idadi ya vitu kwenye kikapu chake. Unajua ulichouambia kwenye kichwa cha `Cache-Control` na mipangilio yake, basi. Ukurasa wa makala naupa `public, s-maxage=60, stale-while-revalidate=600`: nakala inatumika dakika moja, na kwa dakika kumi zinazofuata msomaji anaweza kupewa ya zamani huku mpya ikitengenezwa nyuma ya pazia. Ukurasa wowote unaotazama kuki ya mtumiaji naupa `private, no-store`, bila mjadala. Na sikubali jibu lenye `Set-Cookie`, linalokipa kivinjari kuki, liingie kwenye kache ya pamoja. Ukikosea hapo unaweza kumgawia mgeni ufunguo wa kikao cha mwenzake, ile kumbukumbu kwamba mtu ameshaingia.

Vipi kuhusu vikao vyenyewe? Ukivihifadhi kwenye kumbukumbu ya mchakato, vitakufa nao. Na zikiwashwa nakala mbili, mtumiaji ataingia kupitia moja, ombi lake linalofuata litaangukia nyingine, aambiwe hajaingia. Anaonyesha upya, ameingia. Anaonyesha tena, ametolewa. Ukiletewa malalamiko yenye mdundo huo, usitafute mbali. Weka vikao Redis (hifadhi ya haraka iliyo nje ya programu), au kwenye hifadhidata, au ndani ya kuki iliyotiwa saini. Picha na mafaili ya watumiaji yaende kwenye hifadhi ya vitu, huduma ya kutunza mafaili nje ya seva, mfano S3 ya Amazon au zinazofanana nayo. Mimi nilihamia huko siku ileile ya viduara vya kijivu.

Hifadhidata nayo ina mtego wake wa hesabu. Hifadhidata ya PostgreSQL, usipoigusa mipangilio yake, inaruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa ajili ya msimamizi. Maktaba ya `pg` ya Node hufungua hadi miunganisho 10 kwa kila mchakato. Nakala tano, 50, hakuna neno. Siku wageni wamefurika jukwaa linawasha nakala kumi na mbili, 120, na hifadhidata inaanza kukataa watu wakati ule ule unaoihitaji. Hata bila wageni, unapotoa toleo jipya nakala za zamani na mpya huishi pamoja kwa muda, kwa hiyo zidisha hesabu yako kwa mbili. Punguza bwawa la miunganisho la kila nakala, au weka katikati PgBouncer, programu inayogawanya miunganisho michache kwa wengi.

Umbali pia. Watu huchagua eneo la seva kwa kumfikiria msomaji, wakasahau kwamba seva inazungumza na hifadhidata mara nyingi kuliko inavyozungumza na msomaji. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva na hifadhidata zikiwa mbali kwa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla ya kuongeza chochote. Ukurasa wenye maswali manane yanayosubiriana umeshakula milisekunde 800, na hakuna uboreshaji wa msimbo utakaozirudisha isipokuwa kupunguza safari. Mimi huziweka seva na hifadhidata eneo moja, halafu namwachia kache kazi ya kumfuata msomaji.

Mawili ya haraka. Ukiona kivinjari kinalalamika kwamba kimeelekezwa mara nyingi mno, huenda ni hivi: usimbaji wa HTTPS unaishia kwenye proksi, programu yako inapokea HTTP ya kawaida, inadhani mgeni hayuko salama, inamwelekeza kwenye HTTPS, naye anarudi kwa njia ileile. Programu isome kichwa cha `X-Forwarded-Proto`, ambacho proksi hukitumia kusema mgeni alikuja kwa njia gani. Kwenye Express, maktaba ya Node, ni mstari mmoja, `app.set('trust proxy', 1)`. La pili ni saa. Kontena nyingi (vifurushi vilivyojitenga ambamo programu huendeshwa) huenda kwa UTC, saa ya kimataifa, kivinjari cha msomaji kinaenda kwa saa ya alipo. Seva inaandika tarehe moja, kivinjari kinapokuja kuuhuisha ukurasa kwa JavaScript kinaandika nyingine, nawe unapata onyo kwamba viwili havilingani. Taja ukanda wa saa waziwazi unapopanga tarehe, usiuache ujitafutie.

Nimebakiza kufa, na nakiri kwa miaka mingi sikukufikiria kabisa.

Jukwaa linapotaka kuiondoa nakala, haliichomoi ghafla. Linatuma ishara ya SIGTERM, linasubiri, kisha linaua kwa SIGKILL. Heroku husubiri sekunde 30, Kubernetes nayo 30 usipobadilisha, Cloud Run ya Google 10. Muda huo ni wako: acha kupokea maombi mapya, maliza uliyonayo, funga miunganisho ya hifadhidata, toka. Usipofanya hivyo, kila unapotoa toleo jipya kuna watu wachache wanaopata kosa katikati ya kutuma fomu. Hawatakuandikia barua. Wataondoka tu.

Ajabu ni kwamba unaweza kuandika msimbo mzuri wa kuipokea SIGTERM na bado usiitwe kamwe. Ukiandika `CMD npm start` kwenye Dockerfile, faili ya maelekezo ya kujenga kontena, Docker huendesha shell (kipokea-amri), shell huendesha npm, npm huendesha Node. Ishara inamfikia wa kwanza mlangoni, naye mara nyingi haipeleki ndani. Andika `CMD ["node", "server.js"]`, Node ipokee yenyewe. Hapo pana jambo jingine: mchakato namba 1 ndani ya kontena hulindwa na Linux, hivyo Node isiyo na msimbo wa kushughulikia SIGTERM haitakufa kwa ishara hiyo. Itakaa tu hadi iuawe. Kama kila toleo lako jipya linachelewa kwa sekunde 30 kamili bila sababu, umeshaijua sababu.

Na wakati toleo la zamani linapokufa huku jipya likizaliwa, kuna msomaji aliyefungua ukurasa dakika kumi zilizopita. HTML yake inataja faili za JavaScript za toleo la zamani, ambazo majina yake yana alama za toleo lile. Anabofya kiungo, kivinjari kinaomba faili, seva mpya haiijui: 404, na ukurasa umeganda. Ndiyo maana faili za namna hiyo nazipakia kwenye hifadhi ya nje na kuziacha za matoleo yaliyopita zikae siku kadhaa. Jedwali la hifadhidata nalibadilisha kwa busara ileile. Sibadilishi jina la safu kwa pigo moja, kwa kuwa kuna dakika ambazo msimbo wa zamani na mpya wote wanaisoma. Naongeza safu mpya, natoa msimbo unaoandika kote kuwili, najaza za nyuma, nahamisha usomaji, na toleo jingine ndilo linalofuta ya zamani. Inachosha. Ila sijawahi kuamshwa usiku kwa sababu yake.

Kabla ya kutoa tovuti mpya huwa na jaribio langu nalolifanya kwenye laptopu. Nawasha nakala tatu za kontena, naweka proksi ndogo mbele inayozigawia maombi kwa zamu, naingia kama mtumiaji, napakia picha, naanza kujaza fomu. Kisha naandika `docker stop` kwa moja, nasubiri, naandika kwa nyingine, naifuta kabisa na kuiwasha mpya, huku nikiendelea kubofya. Mara ya mwisho kulifanya kwa mteja, picha zilibaki, kikao kilibaki, fomu ikapita. Kilichoharibika ni kipengele cha kutuma barua pepe za kukumbusha, ambacho mtu alikiwekea saa ya `setInterval` ndani ya seva ya wavuti. Kwa nakala tatu, kila mpokeaji alipata barua tatu.