Kusoma sayansi ya bahari ukiwa mtu wa ziwani

Vijana wa huku Mwanza huuliza: kuna faida gani kusoma sayansi ya bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara? Faida ipo, mradi ujue ni tarakimu zipi za pwani zisizofaa ziwani.

Kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia) ndiyo njia ya kawaida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi za majini na uvuvi, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar ni sehemu yake tangu 1978. Sokoine, Morogoro, wana shahada ya ufugaji wa samaki. Usiidharau diploma ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, hapa Nyegezi: mwenye nayo mara nyingi anajua nyavu na mtumbwi kuliko mwenye shahada. Huko chuo kikuu, jiandae kwa takwimu. Wengi huja wakidhani watakuwa wanapiga mbizi tu.

Chukua kipimo cha oksijeni. Kitabu cha pwani kinasema maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 yakishiba, yaani yakibeba oksijeni yote yanayoweza, yana takriban miligramu 8.3 kwa lita. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu, hewa ni nyepesi, na maji yale yale yanashiba kwenye 7.2 hivi. Ukikirekebisha kifaa bila kukiambia mwinuko, kila namba utakayoandika itazidi kwa zaidi ya asilimia 10. Kosa la pili ni kinyume chake: kifaa kimetoka Zanzibar, uchumvi wake umeachwa kwenye gramu 35 kwa kilo moja ya maji. Ukikitumbukiza ziwani kitakupa karibu moja ya tano pungufu, nawe utamwambia mfugaji samaki wake wanakosa hewa wakati wako salama.

Kabla ya kushusha, kagua utando wa kihisio; kipovu kimoja cha hewa chini yake kinatosha kuharibu siku nzima. Tia alama kila mita kwenye kamba, na subiri namba itulie. Halafu pima saa 11 alfajiri. Mchana mimea midogo ya majini inazalisha oksijeni, usiku inaitumia, kwa hiyo kipimo cha saa 7 mchana ni cha kujifariji. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3, sato hupoteza hamu ya kula na chakula unachomwaga kinazama bure. Hatari kubwa zaidi ni upepo unapoyainua maji ya chini yasiyo na oksijeni. Samaki huru hukimbia. Wa kwenye kizimba, lile boma la nyavu la kufugia ndani ya ziwa, atakimbilia wapi?

Urefu nao una mtego. Sheria inataka sangara asipungue sentimita 50, na huo ni urefu wa jumla, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Mwanafunzi aliyezoea kuishia pale mkia unapoanzia atamhesabu haramu samaki aliye halali. Na kwa kuwa uzito hufuata takriban mchemraba wa urefu (urefu ukizidi mara mbili, uzito huzidi mara nane), kosa dogo kwenye ubao wa kupimia linakuwa kubwa kwenye makadirio ya tani.

Kazi? Afisa uvuvi wa halmashauri anashinda mialoni, akishughulika na BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo) na makokoro, nyavu haramu za kukokota. Viwanda vya minofu vinahitaji wakaguzi wa ubora: barafu, joto, usafi. Maabara ya Taifa ya ubora wa samaki iko hapa hapa Nyegezi, na TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Mwanza. Anayetaka chumvi kweli aangalie Hifadhi za Bahari. Ile ya Mafia ilianza 1995.

Mimi ningeanzia kwenye vizimba. Wenye mashamba hawaulizi kwanza ulipata GPA ngapi; wanataka kuona daftari lako la vipimo, lenye saa, kina, joto na jina la kifaa kwa kila mstari.