Je, wajua kwa nini bunduki ndogo ya upepo huvunja darubini iliyohimili bunduki kubwa?

Ami yangu anakaa Ndijani, Unguja, na anafuga kuku wa kienyeji. Adui yake ni kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, akazaana mpaka akaenea mashamba yote. Kunguru mmoja akishaijua njia ya banda, vifaranga huondoka mmoja mmoja mchana kweupe. Basi ami akamalizana na polisi mambo ya kibali, akanunua bunduki ya upepo ya springi, ile inayokunjwa mtutu ili kuishindilia, na juu yake akafunga darubini ya kulengea aliyoipata dukani mjini. Aliambiwa imetoka kwenye bunduki kubwa ya kuwindia, imetumika miaka na haijapata kuyumba. Na nadhani aliambiwa kweli.

Wiki ya pili risasi zikaanza kwenda zinakotaka. Nilipokwenda kumtazama alinitilia ile darubini mkononi, akasema, "Hebu itikise, mwanangu." Nikaitikisa karibu na sikio. Ndani mlikuwa na kitu kinacheza, kama mbegu ndani ya kibuyu kikavu. Nilipochungulia, ule msalaba wa kulengea ulikuwa umelala upande, mithili ya antena iliyopigwa na kusi.

Jirani wote walisema ni feki. Mimi sikukubali, kwa sababu kioo chake kilikuwa safi na chuma chake kizito. Darubini ile ilikuwa nzima. Iliharibiwa na bunduki iliyoibeba. Lakini inawezekanaje bunduki isiyo na baruti, yenye risasi ya nusu gramu, ikavunja kitu kilichovumilia bunduki ya kuulia nyati?

Tuanze na bunduki kubwa. Baruti inapowaka, risasi huenda mbele na bunduki hurudi nyuma, ikampiga mtu begani. Teke ni moja, na siku zote linakwenda upande ule ule. Mtengenezaji wa darubini analijua hilo, kwa hivyo vioo vya ndani na bomba dogo linaloshika msalaba huvikaza vizuie teke la upande huo. Upande wa pili hana sababu ya kuhangaika nao.

Bunduki ya springi ina tabia nyengine kabisa. Ndani yake mna pistoni nzito ya chuma inayosukumwa na springi. Ukibonyeza kifyatulio, pistoni huruka mbele ndani ya silinda, na bunduki nzima hurudi nyuma kidogo. Mpaka hapo hakuna jambo jipya. Lakini pistoni haitoki nje kama risasi. Inafika mwisho wa silinda, inaibana ile hewa iliyobaki, halafu inagota. Hapo bunduki iliyokuwa ikirudi nyuma hushtuliwa kwenda mbele, ghafla na kwa ukali kuliko lile teke la kwanza. Yote hayo hupita kabla hujapepesa jicho, na bega lako halihisi ila mtikisiko mdogo. Darubini inahisi yote mawili: nyuma, halafu mbele. Ukipiga risasi hamsini kwa siku, umeigonga mara mia, na nusu yake ni upande ambao haikuandaliwa.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si "inavuta mara ngapi?" Muulize, "Hii imetengenezwa kwa bunduki ya upepo ya springi?" Akikujibu kwamba imefungwa kwenye bunduki kubwa na ikahimili, ujue hajakujibu. Zile za bunduki ya upepo hukazwa vioo pande zote mbili, na kwa kawaida karatasi ya mtengenezaji husema hivyo waziwazi. Bunduki za upepo ambazo hujazwa hewa kwenye chupa kwa pampu zimesalimika na balaa hili, kwa kuwa hazina pistoni ya kugota. Hizo hupokea karibu darubini yoyote.

Kuna athari ya pili ya teke la mbele, na hii unaweza kuiona kwa macho. Bunduki ikishtuka kwenda mbele, darubini kwa uzito wake hubaki nyuma, kama abiria aliyesimama ndani ya daladala inapoondoka kwa kishindo. Kidogo kidogo pete zinazoishika huteleza kurudi nyuma juu ya reli. Kwenye bunduki ya ami nilikuta michirizi miwili ya kung'aa juu ya chuma cheusi, urefu wa punje ya mchele. Dawa yake ni pete zenye kijipini kinachoingia kwenye tundu la reli, au kizuizi cha chuma kinachokaa nyuma ya pete. Bila hicho, hata ukaze skurubu mpaka zilie, safari itaendelea.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona watu wengi hawalijui kabisa, nalo ndilo linalokosesha shabaha hata pale ambapo hakuna kilichovunjika.

Umewahi kukaa mbele kwenye daladala, kiti cha jirani na dereva? Tazama mshale wa spidi. Wewe unaona sitini, dereva anaona hamsini, na mshale ni ule ule. Sababu ni kwamba mshale haukugusana na namba, una nafasi nyuma yake, kwa hivyo anayetazama kwa ubavu huuona umesogea. Ndani ya darubini hutokea vilevile. Msalaba uko mahali pake, na picha ya shabaha hujitengeneza mahali pake. Vikiangukia sehemu moja, unaweza kusogeza jicho utakavyo na msalaba hautoki pale ulipouweka. Visipoangukia sehemu moja, jicho likisogea kidogo tu msalaba nao huhama, na wewe unaapa kwamba ulilenga katikati.

Darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa zikutanishe viwili hivyo kwenye mita 90 au 100. Kunguru wa ami anatua juu ya ukuta wa banda, mita 20. Nikipiga hesabu kwa darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 40, jicho likiwa pembeni kabisa kosa hufika karibu sentimita moja na nusu. Kwa mnyama mkubwa wa porini hiyo si kitu. Kwa kunguru, ambaye sehemu ya kumwua mara moja haizidi sana sarafu, ni tofauti ya kumaliza kazi na kumwacha ndege na jeraha akafie mbali kwa mateso. Hilo la pili halifai, hata kwa kunguru.

Kwa hivyo tafuta darubini ambayo unaweza kuirekebisha mwenyewe kwa masafa, yenye pete inayozunguka kwenye kioo cha mbele au gurudumu ubavuni, na namba zake zianzie mita 10 au chini ya hapo. Isiyorekebishika basi iwe angalau imepangwa kwa masafa mafupi, mita 30 hivi. Kwa kioo kile kile na ukuta ule ule, kosa linashuka hadi kama milimita saba. Unaweza kuipima hapo hapo dukani: iweke darubini juu ya kaunta isitikisike, ielekeze kwenye kitu kilicho mtaa wa pili, kisha sogeza kichwa taratibu huku na huku bila kuigusa. Msalaba ukitembea juu ya kile kitu, kwa umbali ule haikufai.

Namba zilizoandikwa ubavuni ndizo zinazowapumbaza wanunuzi. 4x32 maana yake inavuta mara nne na kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 32. 3-9x40 inavuta kuanzia mara tatu mpaka tisa, kioo milimita 40. Gawa namba ya kioo kwa namba ya kuvuta, utapata upana wa duara la mwanga linalokuja jichoni. Arubaini kwa nne ni milimita 10, jicho linajaa mwanga. Arubaini kwa tisa ni milimita nne na ushee. Mchana hutaona tofauti, maana mboni ya jicho imejibana. Lakini kwetu jua likishazama giza halichelewi, na mboni ya kijana hutanuka mpaka milimita saba hivi; hapo ile ya kuvuta mara tisa inakuwa kiza wakati ya mara nne bado inaona. Kwa shamba la kuku mimi ningechukua ya mara nne mpaka sita, basi. Ukivuta sana, kila pigo la moyo wako linaonekana kwenye msalaba, na eneo unaloliona linakuwa finyu kiasi kwamba hujui nyuma ya ndege pana nini. Mashambani kwetu nyuma ya ndege mara nyingi pana mtoto, au mtu yuko juu ya mnazi.

Walio na haki ya kuvuta sana ni wachezaji wa shabaha. Uingereza kuna mchezo uitwao Field Target, wa kulenga vibao vya chuma vilivyowekwa masafa tofauti, mpaka mita 50 hivi, na mchezaji haambiwi ni mita ngapi. Hufunga darubini kubwa zinazovuta hata mara 40, zenye gurudumu pana ubavuni. Huzungusha gurudumu mpaka picha ikae wazi, kisha husoma umbali kwenye gurudumu lenyewe. Kwao darubini ni kipimo cha masafa. Ajabu ni kwamba kwenye Olimpiki, ambako bunduki ya upepo ya mita 10 imeshindaniwa tangu 1984, darubini ni marufuku. Wanalenga kwa kitundu kidogo tu, na alama yao ya kumi, ile ya katikati, ni nukta ya nusu milimita.

Kwa nini masafa yawe na uzito hivyo? Darubini iko juu ya mtutu kwa kama sentimita nne, na risasi huanza kuanguka mara tu ikitoka. Nimepiga hesabu kwa risasi ya nusu gramu inayotoka kwa mita 240 kwa sekunde, darubini ikiwa imewekwa sawa kwa mita 25. Baina ya mita 12 na 26 risasi haiachani na msalaba hata kwa nusu sentimita. Mita 5 inapiga chini kwa zaidi ya sentimita mbili, kwa sababu mtutu umeinuliwa kidogo kuelekea mstari wa jicho, na risasi bado haijapanda kuufikia. Mita 35 inapiga chini kwa karibu tatu. Kwa hiyo ami hana haja ya kupiga mahesabu kila siku, anachohitaji ni kujua mwanzo na mwisho wa uwanja wake.

Tulimpatia nyengine, 4x32 ya bunduki ya springi, na pete zenye pini. Tukajaza mchanga kwenye boksi, tukabandika karatasi, tukapima mita 25 kwa kamba. Risasi tano za mwanzo ziliingia pamoja, ila chini ya alama kwa milimita tano. Kila mlio wa kirungu cha juu ya darubini, kile cha kupandishia na kushushia shabaha, husogeza kama milimita mbili kwa umbali huo, nikampa milio mitatu. Tano zilizofuata zilitoboa tundu moja chakavu katikati.

Kisha ami akachukua kalamu ya rangi nyeupe, akachora mstari mwembamba kwenye reli, nyuma tu ya pete ya pili. Kila Ijumaa akirudi msikitini huitoa bunduki kabatini, isiyo na risasi, akautazama ule mstari kama bado umegusana na pete.