Bogoya haziingii ubongoni

Juzi kijana wa boda ameingia kliniki hapa Arua, Uganda, na kaveera (mfuko wa plastiki) ya bogoya, yaani ndizi mbivu. Shangazi yake kasoma kwenye simu kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ishara, na bogoya zinayo. Vidonge vyake vya sonona vimewekwa juu ya kabati, sasa anamaliza chane nzima kwa siku mbili. Huyu ni wa tatu tangu Pasaka.

Bogoya zina serotonini, sibishi. Ukizila kisha ukakusanya mkojo wa saa 24, tutayakuta mabaki yake humo yamepanda. Lakini kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na serotonini haikivuki. Ya ubongoni inatengenezwa humohumo, na niuroni (seli za neva) za shina la ubongo. Kama asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, inasukuma chakula. Kwa hiyo ukiambiwa ulipie kipimo cha damu kujua huzuni yako, hifadhi pesa yako.

Kinachonichosha zaidi ni hili jina serotonini inalopewa, "kemikali ya furaha". Niuroni haimwagi furaha. Inamwaga molekuli, na aliyeipokea ndiye anayeamua itafanya nini. Boda akipiga honi sokoni, mteja anasogea, mbuzi anakimbia, trafiki anageuka. Honi ni ileile. Serotonini ina aina 14 hivi za vipokezi, yaani protini za seli zinazoipokea. Kimoja ni mlango wa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), kinafunguka papo hapo. Ondansetroni inakiziba hicho ili usitapike. Vingine vyote ni vya polepole: vinaamsha protini ndani ya seli, na seli inabadilika namna inavyozisikia ishara nyingine. Kuna vinavyochochea, kuna vinavyotuliza, pengine kwenye seli moja. Tena mara nyingi molekuli haiishii kwenye sinapsi, pale niuroni mbili zinapokutana, inasambaa hadi kwa majirani. Sasa nionyeshe furaha iko wapi hapo.

Dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo si raha. Mairungi huipandisha, na wanaoyatafuna wakaishia kwangu hawajalala siku tatu wanalijua hilo.

Fluoxetini, dawa ya sonona, inaziba pampu inayorudisha serotonini ndani ya niuroni. Inaziba ndani ya saa chache. Ingekuwa ni upungufu tu, jioni mtu angecheka. Badala yake tunangoja wiki mbili, nne, sita. Wanafunzi nawaambia kwamba mwanzoni niuroni inahisi wingi huo, inajifunga breki, na breki hizo huchukua wiki kulegea. Nalisema kwa uhakika kuliko ninavyostahili. Linaeleza kuchelewa, halielezi kwa nini dawa ileile ilimwinua dada na kumwacha kaka palepale.

Kijana akauliza, "Daktari, kama si upungufu, mbona mnanipa?"

Nikamwambia dawa hizi zilianza kwa bahati. Miaka ya 1950 wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka ajabu, ndipo watu wakatafuta sababu. Zinawasaidia wengi, si wote. Wewe ulikuwa umeanza kulala vizuri ulipoziacha.

Akafikiri. Akasema atavishusha vidonge kabatini, akaniachia bogoya. Nimeshakula mbili.