Fomu 300 za feri, na dhana zingine zinazotuponza kwenye saikolojia

Nilipokuwa nafanya projekti ya chuo niliamka nikaenda Likoni, kwenye feri ya Mombasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na fomu 300 za kupima stresi, siku tatu zote zimejaa, nkajiona mie ndo mie. Supavaiza akazipekua, akaniuliza kitu kimoja tu, "hawa uliwakuta wafanya nini?" Walikuwa wakimbilia feri wasichelewe kazini. Kuna mzee mmoja alinijibu huku yuatembea, kuku kwapani, kuanzia swali la 4 mpaka la 12 akaniambia "weka hiyo ya katikati, mwanangu". Sasa hapo nimepima stresi ya Mombasa ama ya mtu anayewahi feri?

Na hiyo ndo dhana ya kwanza, ati ukiuliza watu wengi basi jibu ni la kweli. Wingi haufuti upendeleo, yaani kuwaokota watu wa aina moja tu, wautia nguvu tu, manake sasa unakosea kwa kujiamini. Kule Marekani 1936 gazeti la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais, zikarudi kama milioni 2.4, wakatangaza Landon ndo atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48! Majina waliyatoa sana kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati ule uchumi umeanguka mwenye gari si mlalahoi, halafu hata wanaojisumbua kurudisha kadi hawafanani na wanaoitupa. Gallup, mpimaji wa maoni ya wapiga kura, na watu kama elfu 50 tu alimpata mshindi. Swali la kwanza ni uliwapataje, idadi ije baadaye.

Ya pili naisikia kila siku kwa wazazi: "nikimsifu anaharibu, nikimgombeza anafanya vizuri, kwa hivo kugombeza ndo dawa." Mwanasaikolojia Daniel Kahneman aliambiwa hivyo hivyo na wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli. Ukweli ni kwamba siku mtoto amepata 20 wakati kawaida yake ni 45, ndani ya ile 20 kuna bahati mbaya, pengine hakulala, pengine maswali yalimkataa, na mtihani ujao mara nyingi atarudi karibu na kawaida yake hata ungempa mahamri badala ya makofi. Akipata 70 naye atashuka, utasema sifa zimemharibu. Galton, mwanasayansi wa Uingereza, aliliona jambo hili la kurudi karibu na kawaida kwenye urefu wa wazazi na watoto wao mwaka 1886. Na ni mtego mkubwa kwa wanaopima ushauri nasaha pia, kwa sababu watu huja wakiwa wamezidiwa kabisa, wengine wangepata nafuu kidogo hata wangekaa nyumbani. Ndo maana wataka kundi la kulinganisha, na watu wagawanywe kwa kura, usiwagawe kwa macho. (Kura ya kugawa makundi si ile kura ya kuchagua nani aingie kwenye utafiti, wanafunzi huzichanganya kila mwaka, hata mie nlizichanganya.)

Halafu kuna ile p chini ya 0.05, namba inayotoka kwenye hesabu za takwimu ukilinganisha makundi. Watu husema "tuna uhakika asilimia 95". La! Inasema tu kwamba kama hakuna tofauti yoyote, data kama hii ama ya kupita hii ingetokea chini ya mara 5 kwa 100. Haisemi tofauti ni kubwa, ukiwa na watu elfu nyingi hata kitofauti cha chembe kitapita. Na ukipima vitu 20 visivyo na lolote, tarajia kama kimoja kipite chenyewe, ukikiandika hicho peke yake wewe ni mwongo tu mwenye kompyuta. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia: za mwanzo 97 kwa 100 zilikuwa zimepita hapo kwenye 0.05, ziliporudiwa zikapita 36 kwa 100. Kuna wanaosema basi saikolojia ni porojo, lakini waliozirudia ni wanasaikolojia wenyewe.

Zile fomu zangu sikuzitupa. Nilibadilisha kichwa, ikawa stresi ya abiria wa asubuhi wa feri, supavaiza akapitisha. Mzee wa kuku nlimtoa.