Je, wajua kwa nini unga hufanya madonge kwenye mchuzi wa bata mzinga?

Swali hili lilinikuta nimesimama mbele ya sigiri mjini Jinja, saa saba mchana siku ya Sekukkulu, kama Waganda wanavyoiita Krismasi. Bata mzinga alikuwa ameshaiva na wageni wamerudi kutoka kanisani. Mchuzi wangu, uliotakiwa kuwa rojo laini la kumwagia nyama na matoke, ulikuwa umejaa madonge meupe yenye ukubwa wa maharagwe. Nilichokuwa nimefanya kilionekana cha akili kabisa: supu inachemka, ni nyepesi, naitaka iwe nzito, basi nikaimwagia vijiko viwili vya unga wa ngano na kukoroga kwa nguvu zangu zote. Nilivyozidi kukoroga, ndivyo madonge yalivyozidi kuwa sugu.

Kwa miaka mingi niliamini mambo mawili. La kwanza, kwamba unga huyeyuka katika maji moto kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai. La pili, kwamba madonge ni adhabu ya mvivu asiyekoroga. Yote mawili si kweli, na kosa la pili limezaliwa na la kwanza.

Ushahidi ulikuwa mle mle sufuriani. Nilitoa donge moja kwa kijiko, nikalikata katikati kwa kisu. Kwa nje lilikuwa na ngozi inayong'aa, yenye kuteleza, rangi ya maji ya mchele. Ndani kulikuwa na unga mkavu. Si unyevunyevu: mkavu, mweupe, wa kupeperuka ukiupuliza. Ulikuwa umekaa dakika kadhaa ndani ya supu inayochemka bila kuguswa na tone la maji.

Tuanze na sukari. Ukiitia kwenye maji, chembe zake huachana kabisa na kutawanyika, hata huwezi tena kuziona. Unga wa ngano hauna tabia hiyo. Sehemu yake kubwa, kama asilimia 70, ni wanga, na wanga umefungwa katika punje ndogo mno ambazo jicho halizioni moja moja. Katika maji baridi punje hizo hulowa kidogo tu, zikabaki punje. Koroga kijiko cha unga katika glasi ya maji baridi, uiache mezani saa moja: utaukuta unga umetulia chini na maji yamekaa juu yake. Sukari iliyokwisha kuyeyuka haifanyi hivyo, hata ungeiacha wiki nzima. Kwa hiyo tunaposema unga "umeyeyuka" kwenye uji au mchuzi, tunasema tu kwamba umetawanyika vizuri. Nilichelewa sana kulielewa hilo.

Joto ndilo linalobadilisha mambo. Maji yakifika kiasi cha nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, kutegemea aina ya ngano, punje za wanga huanza kunywa maji na kuvimba, kama maharagwe yaliyolowekwa usiku, ila zenyewe hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana. Hapo ndipo mchuzi unapokuwa mzito. Fikiria taksi ya abiria 14 iliyojaa. Wote wakiwa na shati tu, kondakta anapita katikati yao akikusanya nauli. Sasa mvishe kila abiria makoti matatu. Idadi ya watu haijaongezeka, lakini kondakta hana tena pa kupitia. Maji ya mchuzi ndiyo kondakta: yapo, ila njia zimebanwa na punje zilizonenepa. Baadhi ya wanga hutoka nje ya punje pia, ukajifuma kama wavu kati yao, na jambo hili litatuhusu tena mchuzi ukipoa.

Rudi sasa kwenye lile donge. Unga mkavu ukianguka kwenye supu inayochemka, huanguka kwa fungu. Punje za nje ya fungu hukutana na maji moto kwanza, huvimba papo hapo na kugandana kuwa ngozi ya gundi. Ngozi hiyo huyazuia maji yasiingie ndani. Aliyewahi kuacha mfuko wa simenti kwenye baraza linalovujiwa na mvua anaujua mchezo huu: nje imekuwa jiwe, ukiuvunja unakuta vumbi. Na ndiyo maana kukoroga hakuniokoa. Mwiko unalipasua donge kubwa, unga mkavu unatokeza, nao unakutana na maji yale yale ya moto na kujivika ngozi mpya. Unapata madonge madogo mengi badala ya makubwa machache. Kukoroga kwenyewe si kosa, ila kulikuja baada ya shughuli kwisha.

Lawama nyingine niliitupia miinuko. Jinja na Kampala ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Nikadhani mchuzi wa huku haupati moto wa kutosha. Lakini wanga wa ngano unaanza kuvimba mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo hata Kabale, karibu mita 2,000, miinuko haina hatia.

Aliyenisahihisha hakutaja hata moja ya haya. Jirani yetu Hajati, ambaye mwanawe ndiye aliyemchinja bata mzinga ili sote tuweze kula, alichungulia sufuria na kuuliza, "Mwanangu, uji unaukorogaje?"

"Nachanganya unga na maji baridi kwanza, mama."

"Sasa huyu mchuzi kakukosea nini?"

Karibu kila mtu Afrika Mashariki analijua jibu tangu utotoni, ila tunaliacha kwenye sufuria ya uji. Maji baridi hutenganisha punje kabla joto halijazifikia. Zikimiminwa kwenye supu zikiwa tayari zimeachana, kila moja huvimba peke yake, na hakuna fungu la kujivika ngozi.

Njia ya pili hutumia mafuta, nayo ndiyo inayoleta ladha. Anayekanda chapati hupaka mafuta kati ya tabaka ili zisishikane. Unga ukikaangwa kwenye mafuta hutendewa hivyo hivyo: kila punje hupakwa na kutengwa na jirani yake. Na bata mzinga anakupa mafuta hayo bure, yale yaliyodondoka kwenye trei ya kuokea. Yamimine kwenye bakuli, subiri yapande juu, uyaengue. Majimaji ya chini usiyamwage, yana ladha kuliko kitu chochote jikoni siku hiyo. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta na viwili vya unga vinatosha kikombe kimoja cha supu. Kaanga kwa moto mdogo hadi unga upoteze harufu ya ubichi, kisha ongeza supu kidogo kidogo huku ukikoroga. Chemsha dakika tatu hadi tano tena.

Hapa kuna mitego kidogo. Unga ukiukaanga hadi uwe kahawia iliyokolea, ladha hupanda lakini nguvu ya kufanya mchuzi mzito hupungua, kwa sababu joto kali hukatakata wanga wenyewe. Konflawa ina nguvu karibu mara mbili ya unga wa ngano, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha pale ulipotumia viwili. Wanga wa muhogo hutoa mchuzi unaong'aa, lakini huvutika kama ute wa bamia, na mimi siwezi kuupeleka mezani. Na usingoje mchuzi uwe mzito kamili ukiwa motoni: ule wavu wa wanga hukaza kadiri unavyopoa.

Jambo la mwisho ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mate ya binadamu yana kimeng'enya kinachokata wanga, ndiyo maana mkate ukitafunwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Mchuzi unaochemka hukiua, kwa hiyo mpishi anayeonja mchuzi ukiwa motoni hana wasiwasi. Uliopoa hauna ulinzi huo.

Asubuhi ya tarehe 26 nilifungua jokofu. Mchuzi wa sufuria ulikuwa umeganda kama jeli, kwa sababu ya wanga na pia ute wa mifupa ya bata mzinga; mwiko ulisimama wima katikati yake. Kando kulikuwa na bakuli ambalo mpwa wangu wa miaka minne alilila jana kwa kijiko kilekile, akikilamba na kukirudisha, akikilamba na kukirudisha. Mchuzi wake ulikuwa umelegea, na nilipoinamisha bakuli ulitiririka.